Brigitte Hachoki

"Tua pole pole, Brigitte! Utaanguka na mihogo yote!"

Brigitte alipiga magoti mbele ya depo ya Kashebere, akaegemeza gunia kwenye ukuta wa mbao, kisha akachomoa kichwa chake katika mkanda wa kubebea, ule unaopita kwenye paji la uso. Kilo hamsini za mihogo mikavu zilikaa chini kwa kishindo. Shingo yake ilibaki imeinama mbele, kana kwamba gunia lilikuwa bado lipo mgongoni.

Céline, rafiki yake na mbebaji mwenzake, alikuwa ameshatua na kunyoosha miguu mavumbini.

"Simu yako inalia."

"Acha ilie."

"Iko Élysée."

"Basi ipokee, mwambie niko nakuja."

"Mimi njo muchumba yake? Kamata simu, mama. Mapenzi hayabebwe na muntu mwingine."

Brigitte alicheka kidogo kwa pua, akapokea.

"Allô."

"Chérie! Uko wapi?"

"Kashebere. Njo natua sasa hivi."

"Bon, sikia habari. Papa Nzabandora amekata siku. Ni siku ya posho, Jumamosi hii hii! Tunapanda Nyakabira!"

Brigitte aliangalia miguu yake. Vumbi lilikuwa limepanda hadi magotini, na katikati ya vumbi jasho lilikuwa limechora vijia vyake.

"Kupanda," alisema.

"Kupanda! Saa kumi na moja ya asubuhi tunaondoka. Saa sita tuko kwenye kichwa ya mulima. Tunaomba, tunakula, tunashuka, na mbele ya giza kila muntu iko kwake. Siku moja tu! Na tarehe yetu itaandikwa, Brigitte. Unasikia? Tarehe yetu!"

"Nasikia."

"Mbona sauti iko chini hivyo? Umechoka?"

Brigitte alisugua shingo yake.

"Niko nafika," alijibu.

Élysée alicheka kwa furaha. "Najua! Wewe huchoki. Njo maana nakupenda."

Wabebaji wa njia ya Kibua wana neno moja ambalo hawalitamki. Ni neno "nimechoka." Wanasema mtu akilitamka chini ya mzigo, linaingia katika miguu ya wenzake wote, na msafara mzima unakaa chini porini mahali ambapo si pa kukaa. Kwa hiyo ukimwuliza mbebaji kama amechoka, atakujibu "niko nafika," hata kama mwisho wa safari uko nyuma ya milima miwili. Brigitte alikuwa na miaka kumi na mmoja katika njia hiyo. Asubuhi alipeleka chumvi na sabuni Kibua, mchana alirudi na mihogo. Lile neno lilikuwa limetoka kabisa kinywani mwake. Hata nyumbani hakulisema tena, hata katika maombi.

Alikata simu, akafuta paji la uso kwa kitenge.

"Alisema nini?" Céline aliuliza.

"Nyakabira. Jumamosi."

"Yesu wangu. Mulima tena? Wewe kila siku uko mulimani, na Jumamosi hii bwana-arusi anakupeleka mulimani!"

"Bila kupanda, tarehe haiandikwe."

Hilo lilikuwa kweli. Kikundi chao cha maombi kilipanda mlima Nyakabira mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Wachumba waliopanda na kushuka siku hiyo waliandikiwa tarehe ya ndoa kule juu, katika kaye, daftari la kikundi, na Jumapili wakatangazwa kanisani. Aliyekosa alingoja kiangazi kingine. Na Brigitte alikuwa na miaka thelathini na sita. Mara mbili tarehe yao ilikuwa imeandikwa, na mara mbili vita viliwakimbiza kabla ya siku kufika. Mara ya pili walikaa mwaka mzima katika kambi ya Kitshanga, yeye na mama yake chini ya sheeting moja ya turubai, Élysée na cherehani yake chini ya nyingine. Ni kule kambini Élysée alimshonea mkanda wa kubebea. Aliukata katika kitenge chenye maua mekundu, akaujaza vipande vya nguo ili usimkwaruze paji la uso. Wanawake wote wa kambi walikuja kuuangalia. Brigitte alilia siku ile. Hakuna mtu aliyewahi kufikiria kipaji chake cha uso.

Na alikuwa na siri moja aliyomficha. Tangu mwezi wa pili, jioni tatu kwa wiki, alikwenda katika darasa la watu wazima la mwalimu Aurélie, katika chumba kimoja cha shule ya msingi. Watu wasiojua kuandika, siku ya ndoa, wanachovya kidole katika wino na kukibandika katika kitabu. Yeye hakutaka kidole. Alitaka siku ile akamate bic mwenyewe, aandike jina lake, na Élysée aangalie. Hiyo ndiyo zawadi aliyokuwa anamtayarishia. Céline peke yake ndiye aliyejua.

*

Jumatano jioni, baada ya darasa, Brigitte alipita kanisani. Alikuta mkutano wa maandalizi umeshachemka.

"Maji!" Papa Nzabandora, kiongozi wa kikundi, alikuwa anapiga chini fimbo yake. "Kule juu hakuna hata chemchemi. Mwaka jana ndimi zilikauka, tukashindwa hata kuimba. Nani atabeba maji?"

"Papa, yote nimeshapanga," Élysée alisema. Alikuwa amesimama mbele na futi ya kupimia nguo shingoni, kama kawaida yake.

"Na chakula? Mimi na meno hizi siwezi kula kiazi ya baridi."

"Kuna sufuria, Papa. Tutapasha moto."

"Na mimi?" aliuliza Fifi, dada mdogo wa Élysée, aliyekuwa amefika jana kutoka Goma. "Nimenunua basket mupya, viatu ya kupandia. Lakini sac yangu iko nzito, kaka."

"Sac yako nimeipangia. Nimepangia kila muntu. Ona."

Akatoa karatasi, akaipigilia kwenye mlango wa kanisa kwa pini nne za cherehani. Watu wakasogea, kila mmoja akitafuta jina lake. Kukawa na kicheko, na mizaha.

"Mimi wamenipa biskuti! Mungu iko muzuri!"

"Biskuti hazitafika juu, wewe tunakujua!"

Brigitte alisogea wa mwisho. Fifi alimshika mkono.

"Dada Brigitte, nikusomee?"

"Muache, nitamwambia mwenyewe," Élysée alisema haraka, akitabasamu. "Jina yako iko pale, chérie. Chini ya yangu. Ona, karibu karibu."

Akamwonyesha kwa kidole. Brigitte akaangalia. Mwanzoni aliona wadudu weusi tu, kama siku zote. Kisha wadudu wakatulia, mmoja mmoja, wakawa herufi. Midomo yake ilicheza bila sauti.

*Élysée: Biblia na kaye.*

*Papa Nzabandora: fimbo yake.*

*Fifi: mgeni, asibebe kitu.*

*Brigitte (hachoki): bidon ya maji litre 20, sufuria, viazi vya watu wote, sac ya Fifi. Atumie mukanda.*

Alisoma lile neno katika mabano mara mbili. "Ch" walikuwa wamefundishwa wiki iliyopita. Ha. Cho. Ki. Lilikuwa neno la kwanza maishani mwake alilolisoma bila fimbo ya mwalimu kuonyesha ubaoni.

"Umeona?" Élysée aliuliza.

"Nimeona."

"Uko na furaha?"

"Niko nafika," Brigitte alisema, akatoka nje.

*

Céline alikuwa jikoni kwake anapika sombe. Alisikiliza hadithi yote na mwiko mkononi, na Brigitte alipofika kwenye mabano, mwiko ukasimama.

"Aliandika hivyo? Kwa mukono yake?"

"Kwa mukono yake. Na mwandiko iko muzuri, Céline. Ningekuwa nataka kuiga."

"Na ule mutoto wa Goma na basket yake, wewe umubebee sac?"

"Fifi hana kosa. Hakuandika yeye."

"Nakwenda kwake sasa hivi. Nampiga na hii mwiko!"

"Kaa."

"Brigitte, kasirika kidogo! Hata kidogo, kwa ajili ya Mungu!"

"Nitakasirika na nguvu gani?" Brigitte aliuliza. Alikaa juu ya kigoda, akaegemea ukuta. "Unajua nini inaniuma? Siyo bidon. Bidon nimebeba nyingi. Nilikuwa nafikiri kuko muntu mumoja, mumoja tu katika dunia hii, akiniangalia haoni mugongo."

Céline aliweka mwiko chini. Alimpakulia sombe, na Brigitte akala vijiko vitatu, akaomba ruhusa ya kwenda.

Nyumbani alipiga magoti kandokando ya kitanda. "Baba," alisema, "wewe unaona." Alitaka kuendelea, akatafuta neno, neno halikuja. Alibaki pale magotini mpaka miguu ikafa ganzi. Mungu ni mwema. Hata maombi yasiyo na maneno anayafahamu.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufunga mzigo wa chumvi, alichukua simu. Kwa miaka yote Élysée alimpigia tu, kwa sababu alijua ujumbe hauna faida kwake. Sasa alitafuta herufi moja moja. Alikosea, akafuta, akaanza tena. Jua lilikuwa limeshatoka alipomaliza.

"SITAPANDA. BRIGITTE."

Akautuma, akazima simu.

*

Walikuwa wameshapita kilima cha kwanza, mahali ambapo mtandao unashika, simu ya Céline ilipolia. Céline aliangalia jina, akaweka haut-parleur ili wote wawili wasikie.

"Kaka Élysée, jambo."

"Céline, iko nini? Kwa nini unaandika mambo ya ujinga kwa simu ya Brigitte?"

"Mimi? Siandike kitu."

"Usinichezee! Nimepata message: sitapanda. Njo wewe tu unamwandikiaka."

"Siyo mimi."

"Basi nani? Brigitte hajui kusoma!"

Céline alimwangalia Brigitte. Brigitte alikuwa anatazama njia, mkanda wa maua mekundu kwenye kipaji. Alitikisa kichwa polepole, kumpa ruhusa.

"Anajua," Céline alisema. "Tangu mwezi wa pili iko anasoma kwa mwalimu Aurélie. Alitaka kukushangaza siku ya ndoa, asiweke kidole. Sasa umeshangaa."

Upande wa pili mlio wa cherehani ukasimama.

"Anajua kusoma?"

"Jana alisoma mulango ya kanisa, kaka. Alisoma yote. Mpaka ndani ya mabano."

Simu ikakatika. Halikuwa kosa la mtandao.

*

Walipofika Kibua, wakatua chumvi, wakafungiwa mihogo. Brigitte alikuwa ameinama kungoja Céline amtwike, pikipiki ilipofika na kusimama katikati ya magunia. Élysée alishuka kabla haijazimika. Futi ya nguo ilikuwa bado shingoni.

"Brigitte."

"Karibu."

"Tuongee."

"Ongea. Mimi nafunga muzigo."

Wabebaji wengine walikuwa sita pale, na hakuna aliyejifanya hasikii.

"Nilitaka kukuheshimu," Élysée alisema. "Mungu iko shahidi yangu. Nilikuwa najisifu! Wanaume wote pale, nani iko na bibi anaweza kubeba litre makumi mbili mpaka Nyakabira? Niliandika vile ili bantu wote wakuone."

"Walisoma wote?"

"Walisoma."

"Na walisemaje?"

"Walikusifu. Walisema, Élysée, umepata mwanamuke wa nguvu."

"Wanasifu chukudu vile, ile baiskeli ya mbao ya mizigo," Brigitte alisema. "Inabeba, inashuka, inapanda, hachoki. Magaribi wanaiegemeza kwa ukuta, hawaiulize kitu."

Mbebaji mmoja mzee akakohoa. Élysée alivuta futi ya nguo shingoni.

"Lakini nilikuulizaka," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kila siku kwa simu nakuuliza kama umechoka. Hata siku moja haukusema ndiyo."

Brigitte aliinama kwenye gunia.

"Acha," Élysée alisema. "Leo nitabeba mimi."

Céline alipasuka kicheko. "Fundi wa nguo! Hii haina kishikizo, kaka."

"Nitwikeni."

"Élysée, utaumia," Brigitte alisema.

"Nitwikeni, nimesema."

Walimtwika. Brigitte alivua mkanda wa maua mekundu, akamvalisha kwenye kipaji, akausogeza mahali pake kwa vidole viwili. Alimshika kiwiko mpaka aliposimama. Macho ya Élysée yalitoka, lakini akasimama, akaanza kutembea.

Kwenye tambarare alikwenda vizuri, hata akajaribu kuimba. Kwenye mteremko wa mto alinyamaza. Kwenye kilima cha kwanza alianza kupumua kwa mdomo, na mishipa ya shingo ikasimama kama kamba. Brigitte alitembea nyuma yake, mikono imening'inia. Hakujua aiweke wapi.

"Umechoka?" alimwuliza.

"Nime..."

"Usiseme!" Céline alipiga kelele mbele. "Neno hiyo haisemwe hapa! Utakalisha bantu wote!"

"Basi nijibu nini?"

"Unajibu, niko nafika," mbebaji mzee alimwelekeza. "Hata kama hufike."

"Niko nafika," Élysée alisema. Akapiga hatua mbili, tatu. Hatua ya nne hakuipiga. Alisimama katikati ya njia, kichwa kimeinama chini ya mkanda, akawa anaangalia miguu yake.

"Brigitte."

"Naam."

"Ile 'niko nafika'... njo maana yake?"

"Njo maana yake."

"Kila siku? Kwa simu, jioni, nikikuuliza?"

"Njo maana yake, Élysée."

"Kule Kitshanga pia?"

"Kule zaidi."

Élysée alipiga magoti. Gunia lilimvuta nyuma, Brigitte akalidaka, akalilaza chini. Élysée alibaki ameketi kando ya njia, na Brigitte aliona kwamba analia. Alilia vibaya, kama mtu asiyezoea, akijipangusa kwa futi ya kupimia nguo. Mkanda ulikuwa umeacha alama nyekundu kwenye kipaji chake, ingawa kitambaa kilikuwa laini.

"Mimi njo nilishona hii," alisema, akiushika. "Nilifikiri nimekusaidia. Mushipa ya shingo yangu, Brigitte, nasikia iko inakatika, na sijafika hata nusu. Ni mara ngapi kwa wiki?"

"Sita."

"Miaka kumi na moja."

"Kumi na moja."

Wenzao walikuwa wametangulia. Céline peke yake ndiye aliyekuwa amewangoja mbele kidogo, amewapa mgongo kwa adabu.

"Unisamehe," Élysée alisema. "Nilisikia jibu na sikutafuta kujua. Na darasa yako... nimeharibu zawadi yako."

Brigitte aliketi kandokando yake. Upepo wa mlimani ulikuwa unapita juu ya mashamba ya maharagwe.

"Sikatae muzigo," alisema. "Kubeba njo kazi yangu, Mungu alinipa mugongo na namushukuru. Lakini nataka siku moja, Élysée. Moja tu katika maisha yangu. Nataka kupanda mulima mikono mitupu."

"Na Papa Nzabandora akikataa? Kaye njo iko kwake."

"Basi tutangoja kiangazi ingine. Kungoja najua. Lakini sitangoja na bidon yako kwenye mugongo."

"Siyo mwaka ingine," Élysée alisema. Alijaribu kusimama, akarudi chini. "Nitwike tena."

"Achia pale. Utakufa mbele ya ndoa."

"Nitwike mpaka ile muti tu."

"Iko muti gani?"

"Ile ya karibu."

Brigitte alicheka. Kicheko kilimtoka chote, mpaka Céline akageuka kuangalia. Alimtwika mpaka kwenye mti ule wa karibu, halafu akachukua gunia mwenyewe, na Élysée akatembea pembeni yake hadi Kashebere.

*

Ijumaa jioni kikundi kilikusanyika kwa mara ya mwisho. Élysée aliingia akiwa ameshika shingo, hawezi kugeuka kushoto wala kulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango, akachomoa pini nne, akachana karatasi.

"We, fundi!" Papa Nzabandora alisema. "Kesho tunaondoka, unachana programu?"

"Papa, ilikuwa na kosa."

"Kosa gani?"

"Niliandika muntu mumoja kama chombo."

Watu wakaangaliana. Élysée aligeuka mwili mzima, maana shingo ilikataa, akamtafuta Brigitte kwenye benchi la nyuma.

"Niliandika Brigitte hachoki. Ilikuwa uwongo. Namwomba musamaha mbele yenu, na ninyi mlioisoma mufute ile neno."

"Mais," Papa Nzabandora alisema, "kubeba iko anabeba kila siku. Amezoea. Kama siyo yeye, bidon ya maji itapanda na nani?"

"Na mimi."

"Wewe? Shingo yenyewe imekushinda kugeuza!"

Kanisa likacheka. Fifi aliinua mkono.

"Tubebe kila muntu chupa yake. Mimi na sac yangu nitaipunguza. Dada Brigitte, pole, mimi sikujua. Nilisoma tu, sikufikiri."

"Na sufuria?" Papa Nzabandora hakutaka kuachia. "Mimi kiazi ya baridi..."

"Papa," Brigitte alisema kutoka nyuma.

Sauti yake haikuwa kubwa. Lakini katika miaka yote ya kikundi kile, hakuna aliyekumbuka Brigitte akiomba neno.

"Papa, kiazi yako nitakutafunia mwenyewe ikiwa lazima. Lakini sufuria siibebe. Kama tarehe yangu inaandikwa kwa sababu ya sufuria, usiiandike."

Élysée alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Brigitte alijua anaomba. Mzee Nzabandora aliangalia fimbo yake, akaizungusha mara mbili.

"Mimi nabebaka nini?" aliuliza polepole, kama anajiuliza mwenyewe. "Kwa ile karatasi niliandikiwa nini?"

"Fimbo yako, Papa," mtu mmoja alijibu.

"Fimbo yangu." Akatikisa kichwa. "Bon. Kesho nabeba chupa yangu na kiazi yangu. Ya baridi. Tuombe."

*

Waliondoka saa kumi na moja, umande ukiwa mzito juu ya majani. Brigitte alikuja na kitenge safi, na mikono mitupu. Mwendo wa kwanza ulimshinda. Bila mzigo alikuwa anayumba, mwili wote unaegemea mbele kutafuta uzito usiokuwepo, na mara mbili aliweka mkono kwenye kipaji kushika mkanda ambao haukuwepo. Kisha, kidogo kidogo, kichwa chake kiliinuka. Aliona ng'ombe kwenye vilele vya mbali, wadogo kama maharagwe yaliyomwagika. Aliona barabara ya Kibua imelala kule chini. Alikuwa ameipita mara ngapi, na hakuwahi kuiona yote kwa pamoja.

Élysée alipanda pembeni yake na bidon ndogo ya lita tano, ya akiba, mkanda wa maua mekundu kwenye kipaji. Alikuwa anajikokota. Kila mara Fifi alipomwuliza hali, alijibu, "Niko nafika," na Brigitte alitazama pembeni asicheke.

Saa saba kasoro walifika juu. Waliimba, waliomba, walikula viazi vya baridi, na Papa Nzabandora alitafuna chake mpaka mwisho bila kulalamika sana. Kisha akafungua kaye juu ya jiwe, akaandika tarehe: Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa. Élysée akatia sahihi. Mzee akatoa kikopo cha wino, akamgeukia Brigitte.

"Leta kidole, binti yangu."

"Papa," Élysée alisema, "mupe bic."

Mzee aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, akafunga kikopo.

Brigitte alipiga magoti mbele ya jiwe. Aliandika B. Aliandika R, akapumzika. Upepo ulitaka kugeuza ukurasa, Élysée akauwekea kiganja. I, G, I. Hakuna aliyemharakisha. Zile T mbili alizisimamisha wima, moja karibu na nyingine, akazikata vichwa kwa mstari mmoja. Akamaliza na E, akaweka bic chini.

Élysée alikuwa anaangalia jina lile kama mtu anayeangalia mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Brigitte alijaribu kuinuka. Magoti yalikataa. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imemkuta hapo juu kwa mara moja, na yeye hakuwa na mzigo wa kumfanya anyamaze.

"Élysée," alisema.

"Naam, chérie."

"Nimechoka."

Élysée alivua mkanda, akatua bidon, akatandika koti lake juu ya majani makavu.

"Kaa," alimwambia. "Kaa kwanza. Tutashuka ukisema."